Niliandika Paja

Siku ninayoikumbuka zaidi kabla ya vita haikuwa na lolote la ajabu. Ulikuwa msimu wa pamba, barabara ya Bunda imejaa magunia na punda, na mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya serikali, kazi iliyomfanya mtu avae soksi ndefu na kusalimiwa na watu wasiomjua. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja na baraza. Nilikuwa na meza, chupa ya iodini, sufuria ya kuchemshia vyombo, na daftari kubwa la wagonjwa lenye safu nne: jina, kijiji, jeraha au ugonjwa, dawa.

Saa nne hivi shemeji yangu Wambura aliingia akimshikilia jirani yake wa Butiama, mtu mzima, suruali imelowa damu. Walikuwa wameleta pamba sokoni kwa mkokoteni, na wakati wa kufungua nira, ng'ombe dume mmoja alimpiga pembe yule jirani chini ya kinena. Wambura akamlaza kwenye benchi, kisha akatoka nje kwa heshima. Nikamwosha mgonjwa, nikatazama, nikashona. Mfuko wa korodani ulikuwa umechanika, lakini vilivyomo ndani vilikuwa salama. Mtu mwenyewe alikuwa ameuma kofia yake ili asilie.

Nilipochovya kalamu kuandika, Wambura alisema kutoka barazani, bila kugeuza kichwa:

"Andika paja, shemeji. Huyu ana wake watatu, na daftari hilo karani wa chifu analisomaga."

Nikaandika paja. Wala sikuwaza mara mbili, maana ndivyo tulivyokuwa tukiandika madresa wote wa upande ule. Kuanzia kitovuni hadi gotini kila kitu kiliitwa paja. Daktari wa Musoma alikuwa akija kwa lori mara moja kwa mwezi kukagua daftari, na alikuwa akinitania kwamba hajaona nchi yenye watu wa mapaja dhaifu kama Bunda. Nilicheka naye. Hakukuwa na madhara, kwa sababu aliyeshona na aliyeandika alikuwa mtu mmoja. Mgonjwa alikwenda kwake amepona, na neno lilibaki kwenye daftari bila kumdhuru mtu.

Inafaa nieleze habari ya Wambura. Alikuwa amemwoa dada yangu Nyangeta mwaka uliotangulia, akamchukua kutoka kwetu Suguti kwenda Butiama, na ng'ombe aliowatoa kwa ajili yake ndio niliooa nao mimi. Watu waliounganishwa hivyo, kwetu, wanaweza kucheka pamoja kutwa nzima, lakini hawaonani mwili. Mkikutana penye maji, mmoja anageuka na kungoja mpaka mwenzake aoge na kuvaa. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo kwa maneno. Nilikua nikiliona kwa baba na wajomba.

Wote wawili, Wambura na Nyangeta, wamekwisha tangulia. Ndiyo maana naandika sasa.

Vita ilipokuja, machifu walitakiwa kutoa watu. Wambura alichukuliwa kuwa askari kwa sababu alikuwa na kifua na miguu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kufunga bendeji na kuandika. Siku ya kuondoka Musoma, Nyangeta alikuja kutuaga bomani. Hakulia. Aliniambia tu, "Utaniangalizia huyo," nikamwambia nitamwangalia. Ni ahadi ambayo kila kaka angeitoa.

Sitaeleza treni wala meli. Tulitenganishwa na kuwekwa vikosi mbalimbali, na zilipita nyakati ndefu bila mmoja kumsikia mwenzake. Kisha huko Burma, katika majira ya mvua, kituo chetu cha majeruhi kilipelekwa nyuma ya kikosi chake. Siku aliponikuta nikichemsha vyombo chini ya turubai alisimama akacheka hadi akajifuta machozi. Alikuwa amekonda. Aliniuliza kama kwenye nchi hii nako watu wanaumiaga mapaja tu.

Kituo kilikuwa mahema matatu kwenye matope. Daktari wetu alikuwa kapteni wa Kiingereza, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya wazungu. Alikuwa peke yake kwa kupasua. Sisi madresa tulipokea machela, tukamfunua kila mtu, tukatazama, tukaandika kadi na kuifunga kwenye kifungo cha shati. Kapteni alipokea kadi kwanza, mtu baadaye. Aliyemwona ni wa haraka aliletwa mezani kwake. Wengine walishushwa bondeni kwa nyumbu na magari, safari ya siku tatu au nne, hadi hospitali kubwa.

Kwa kuwa maandishi yetu ya Kiingereza yalimchosha, kapteni alitutengenezea orodha na kuibandika kwenye ubao. Herufi ilisema kilichoumiza: risasi, kipande cha bomu, kisu, moto, kuanguka. Namba ilisema mahali. Paja lilikuwa kumi na saba. Sehemu za uzazi zilikuwa kumi na nane, na chini yake aliongeza vipengele: uume, korodani ya kulia, ya kushoto, zote mbili, njia ya mkojo. Mwisho ilikuja alama ya uzito wa jeraha. Habari yote iliingia katika herufi moja na namba chache, na mtu yeyote katika jeshi lile angeisoma bila kujua Kiswahili.

Namba kumi na nane aliipigia mstari mwekundu.

"Hii hapana ngoja," alitwambia. "Mguu naweza ngoja. Hii navimba, nakufa upesi. Mimi nataka kuona hii kwanza. Nyinyi nasikia haya, mimi najua. Haya acha nyumbani."

Tuliitikia. Mwenzangu alikuwa mtu wa Nyasa, mpole, mwenye mwandiko mzuri kunishinda. Yeye alishika orodha ile ndani ya siku moja. Mimi pia niliishika. Naomba hilo lieleweke. Niliijua orodha kwa moyo, na nilikuwa nimekwisha andika kumi na nane kwa watu wengine, bila taabu, maana hawakuwa watu wangu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa tunanywa chai.

Mabomu yalianza kuanguka upande wa kilima, yakaacha, yakaanza tena karibu zaidi.

Kapteni alivua saa yake na kuiweka mfukoni. Alikuwa akifanya hivyo kila mara.

Machela ya kwanza ilikuja, halafu nne kwa pamoja, halafu hatukuhesabu. Wabebaji walizilaza kwenye matope na kurudi mbio. Wengine hawakuonekana tena.

Bomu moja lilipasua hema la chakula. Mwenzangu wa Nyasa alilala juu ya mgonjwa wake, akasimama, akaendelea kufunga bendeji. Nilifanya kama yeye. Nilikuwa na hofu kubwa sana, na mikono yangu ilifanya kazi kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mtu wa tisa au wa kumi alikuwa Wambura.

Alikuwa ana akili zake timamu. Mbebaji alikuwa amemfunga bendeji juu kabisa ya paja la kulia na kumfunika blanketi hadi kifuani. Wambura alikuwa amelishika blanketi lile kwa mikono yote miwili. Damu ilikuwa imelowesha katikati, juu ya pale bendeji ilipoishia.

Niliona damu ilipo. Sitaki kusema sikujua.

"Shemeji," nikasema.

"Ni wewe," akasema. "Usifunue."

"Ni kazi, Wambura."

"Muite yule Mnyasa."

Mwenzangu alikuwa ameingiza vidole kwenye shingo ya mtu, akizuia damu. Asingeweza kuviondoa. Nilimwambia Wambura hivyo.

"Basi andika paja," alisema. "Andika paja, shemeji. Na mguu umeumia kweli, huongopi. Nitawaonyesha huko mbele, watu wasionijua."

Nilikuwa nimeshika kona ya blanketi. Niliiachia.

Nikaandika herufi ya kipande cha bomu, kumi na saba, kulia, wastani. Nikafunga kadi kwenye kifungo chake. Kapteni alipita akainama akaisoma, akamtazama Wambura usoni, akaona mtu anayezungumza na mwenye rangi nzuri, akaonyesha kwa kidole upande wa nyumbu. Nilimwona akifanya hivyo. Ningeweza kufungua mdomo wakati huo. Kutoka nilipokuwa hadi alipokuwa hapakuzidi hatua sita.

Walimpeleka bondeni adhuhuri. Alininyooshea mkono kutoka kwenye machela, mkono wa kushukuru.

Kadi ilirudi kama wiki mbili baadaye, ndani ya bahasha, pamoja na makaratasi mengine ya hospitali kubwa. Namba kumi na saba ilikuwa imekatwa kwa penseli nyekundu na kumi na nane imeandikwa pembeni, zote mbili, na maneno ya Kiingereza chini yake. Kapteni aliniita. Nilidhani atanipiga au kunifunga. Alinipa kiti.

"Nani liandika hii?"

"Mimi, bwana."

"Huyu mtu nafika siku ya nne. Kule naweka yeye na watu ya miguu, sababu kadi nasema mguu. Yeye hapana sema kitu. Iko na homa, iko na harufu, ndio wao nafungua." Aliivua miwani akaifuta. "Moja ilikuwa bovu kabisa. Ile ingine liumia kidogo tu. Kama naleta yeye kwangu ile asubuhi, mimi nashona, napona. Moja inatosha mtu. Sasa wao nakata zote."

Nilimwambia yule ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na kwetu haifai kumwona. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Hata mimi iko na shemeji. Sasa wewe nenda. Kesho andika vizuri."

Niliaibika kuliko ambavyo ningeaibika kwa kiboko. Tangu siku ile hadi mwisho wa vita sikuandika paja kwa jeraha ambalo si la paja. Nilimfunua kila mtu. Nilijifunza kusema jambo hilo haraka na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza jina: nafungua suruali, natazama, naandika, nafunika. Nilipata kugundua kwamba askari wengi hawakujali nani anaona, mradi anayeona hakuonyesha mshtuko. Na kwa watu wa kwetu tulipatana na yule Mnyasa: wangu aliwaangalia yeye, wake niliwaangalia mimi, na kama mmoja ana kazi mikononi, anayebaki anafunua yeyote aliyelala mbele yake. Ni jambo dogo, la kupanga kwa dakika moja. Tungeweza kulipanga siku ya kwanza tulipobandikiwa orodha. Mpaka leo hilo ndilo linalonikera.

Wambura nilimkuta kwenye meli ya kurudi. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na alichechemea. Tulikaa sitahani mchana kutwa tukizungumzia ng'ombe na mvua za nyumbani. Jioni ilipokaribia aliniambia, huku akitazama maji:

"Walinitoa vyote."

"Pole, shemeji."

"Ndivyo bomu lilivyotaka. Lakini wewe uliniheshimu. Karani wa hospitali alinakili kadi yako siku niliyofika, kabla hawajanifungua, na karatasi yangu ya jeshi imefuata hayo, inasema paja. Ningerudi Butiama na karatasi ya namna gani? Usimwambie mtu. Dada yako nitamwambia mwenyewe."

Nilitaka kumwambia habari ya penseli nyekundu. Nilipanga maneno kichwani, nikayapanga tena, na tukaitwa kula.

Butiama walitupokea kwa ng'ombe wawili na pombe isiyokwisha. Baba yake Wambura alinipa karatasi ya mwanawe niisome mbele ya ukoo, kwa kuwa nilikuwa msomi wa karibu. Nilisimama nikasoma jina, kikosi, na jeraha: paja la kulia, limepona. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyangeta alikuwa nyuma, amebeba chungu, na alinitazama akatabasamu.

Nilirudi Bunda kwenye zahanati yangu. Mwaka wa kwanza watu walingoja. Mwaka wa pili mama yake Wambura alianza kuuliza. Wa tatu walimpeleka Nyangeta kwa waganga, mmoja karibu na Buhemba, mwingine mbali hadi Kisorya na kuvuka kwenda Ukerewe, akanywa mizizi iliyomtapisha damu. Alikubali yote. Wambura alishauriwa aongeze mke, akakataa, na kukataa kwake kukahesabiwa kuwa kosa la Nyangeta pia, kwamba amemfunga mwanaume wa watu. Kwetu jambo kama lile lilikuwa na njia yake. Wazee wakijua ya kwamba tatizo liko kwa mume, wanamteua ndugu yake kimyakimya, watoto wanazaliwa na wanaitwa wa mwenye nyumba, na hakuna anayesema zaidi. Lakini mume aliyeumia paja na akapona hana tatizo. Karatasi ilisomwa. Niliisoma mimi.

Mwaka wa tano niliitwa Butiama kwenye kikao, kama kaka wa mke. Tulikaa uani asubuhi. Baba yake Wambura alizungumza bila ukali. Alisema Nyangeta ni mwanamke mwema na mchapakazi, hawana ugomvi naye, ila nyumba haiwezi kukaa hivyo. Angerudi kwao.

"Ng'ombe hatuwadai," alisema. "Hao nyinyi mmeshaolea, na sisi ni watu."

Kisha alimuuliza Wambura kama ana neno. Wambura alitazama chini. Mzee akaniuliza mimi.

Nilikuwa na neno. Lilikuwa limekaa mdomoni tangu meli. Nilimtazama Wambura, nikaona anavyoshika magoti yake kwa mikono yote miwili, na niliogopa. Niliogopa kumvua nguo mbele ya baba yake. Niliogopa zaidi swali ambalo lingefuata, la nani aliandika, na baada ya hilo, kama lingeweza kuwa vinginevyo.

"Sina neno," nilisema.

Nyangeta alifunga mzigo wake mdogo. Tuliondoka kabla jua halijakuwa kali, tukafuata njia ya Suguti, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu cha vyombo vyake. Tulipofika mahali penye kijito alishusha mzigo ili anywe maji, na hapo nikamwambia.

Nilianza na jeraha. Alinikatiza.

"Hilo najua. Mimi nililalaga naye miaka yote hiyo, ungetaka nisijue? Alinionyesha siku ya kwanza. Nililia siku mbili, basi. Nikamwambia nitalibeba mimi."

"Waganga je?"

"Nilikuwa nakunywaga tu dawa zao. Ningefanyaje?"

Basi ikabaki ile sehemu ya pili. Nilimweleza habari ya orodha, kumi na saba na kumi na nane, blanketi, siku nne za njiani, kadi iliyorudi. Nilimwambia alivyosema kapteni, kwamba moja ingepona kama ningemfunua asubuhi ile. Nilimweleza kwa maneno wazi, kama nilivyojifunza kusema na wagonjwa, kwa sababu sikujua namna nyingine.

Nyangeta alikaa chini kwenye nyasi. Aliosha mikono yake, akaiosha tena.

"Moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye niliyekwambia uniangalizie."

Nililia mbele ya dada yangu mdogo, mtu mzima mwenye soksi ndefu. Yeye hakulia. Aliningoja nimalize.

"Yeye anajua?" aliuliza.

"Hajui. Anadhani bomu lilichukua vyote."

"Basi usimwambie." Aliinuka, akajitwisha mzigo. "Bomu amekwisha lisamehe. Wewe akijua hatakusamehe, na hana mtu mwingine wa kuongea naye."

Alikaa kwangu Suguti maisha yake yote. Hakuolewa tena, ingawa waliomtaka walikuja, kwa sababu kila aliyekuja alikuwa amesikia ni tasa na alimtaka kwa jembe tu. Alilima pamba yake mwenyewe. Aliwalea wanangu, na kwangu hakupunguza upendo wala kazi. Lakini tangu siku ile ya kijito hakunituma tena jambo lolote, hata la kumletea chumvi kutoka dukani. Alikwenda mwenyewe.

Wambura hakuoa. Kila baada ya mavuno alishuka Bunda kunitembelea. Tulikaa barazani, tukanywa chai, tukataja majina ya waliobaki Burma. Hakumtaja Nyangeta, na mimi sikumtaja. Kabla ya kuondoka alinishika mkono, na kila mwaka alisema maneno yaleyale, kwa moyo wote, kwamba kama si mimi angerudi nyumbani bila heshima yake.

Nami kila mwaka nilijibu, "Asante, shemeji."